Shajara ya mradi: kuwasaidia wahadhiri kutumia daftari la alama la Moodle

Mradi ni wa muhula mmoja na lengo lake ni moja: alama za kozi chache zilizochaguliwa kujaribia mradi zihesabiwe ndani ya Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, kuanzia jaribio la kwanza hadi orodha inayosainiwa na idara, bila faili la Excel la pembeni ambalo ndilo mhadhiri analoliamini kweli. Palipo na madaftari mawili ya alama, siku moja yatatofautiana, na atakayeumia ni mwanafunzi. Shajara hii inaandikwa kwa ajili ya watakaoendesha kazi kama hii vyuoni kwao, kwa hiyo tunaeleza mipangilio kwa namba na kutaja kila kilichoharibika pamoja na sababu yake.

Wiki ya 1: karatasi kabla ya skrini

Hatukufungua kompyuta. Daftari la alama ni mashine ya hesabu, na hesabu inayofanya ni ile iliyoagizwa, hata kama aliyeagiza hakujua kuwa ameagiza. Mhadhiri akiruka swali, mfumo unalijibu wenyewe kwa mpangilio wa kiwandani. Kwa hiyo kila mhadhiri alitumiwa ujumbe huu:

"Mwalimu, habari za kazi. Kabla hatujakaa pamoja kwenye daftari la alama, tunaomba utuandikie haya kwa mkono: (1) tathmini endelevu ni asilimia ngapi na mtihani wa mwisho ngapi, (2) ndani ya tathmini endelevu kuna vipimo gani, kila kimoja kinasahihishwa kati ya ngapi na kinachangia ngapi, (3) asiyefanya jaribio bila ruhusa anapata nini, na mwenye ruhusa anapata nini, (4) kuna jaribio linaloachwa, mfano mawili bora kati ya matatu, (5) desimali za jumla zinakatwa au zinakaribishwa. Ahsante sana."

Swali la kwanza lilijibiwa mara moja na kila mtu: 40 kwa 60, kama ilivyo katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania. La tatu na la tano ndiyo yaliyorudi tupu. Si uzembe wa wahadhiri. Kwenye karatasi maamuzi hayo hufanywa mwishoni, mwanafunzi mmoja mmoja, kwa busara. Mfumo unayataka mwanzoni, na kwa wote. Tulisubiri majibu yote ndipo tukapanga kikao.

Wiki ya 2: makundi na uzito

Kozi ya mfano tuliyoitumia kufundishia ina vipimo vinne. Jaribio la 1 (J1) linasahihishwa kati ya 30 na kuchangia 15. Jaribio la 2 (J2) ni hivyo hivyo, 30 kwa 15. Zoezi la kikundi (Z1) linasahihishwa kati ya 20 na kuchangia 10. Mtihani wa mwisho (MM) ni 100 kwa 60.

Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2014, kozi mpya ya Moodle huanza na njia ya kujumlisha inayoitwa ya asili. Hiyo hujumlisha alama kama zilivyo, na uzito wa kila kipimo hutokana na alama zake za juu. Katika kozi ya mfano, ndani ya tathmini endelevu 30, 30 na 20 kwa bahati zina uwiano sawa na 15, 15 na 10, kwa hiyo kila kitu kinaonekana salama. Sasa mhadhiri anatunga J2 lenye maswali mengi na kulisahihisha kati ya 50. Hajagusa mpangilio wowote, lakini mchango katika ile 40 umeshakuwa 12, 20 na 8. Hakuna onyo lolote litakalotokea, kwa sababu kwa mfumo hakuna kosa lililofanyika.

Njia ya asili inaruhusu kurekebisha uzito kwa mkono, na baadhi ya wahadhiri walifanya hivyo wakaweka 40 na 60. Asilimia ilitoka sahihi, ila jumla ya kozi ikaonekana kati ya 180, kwa sababu njia hii haikuruhusu kuchagua alama ya juu ya jumla. Inaikusanya yenyewe, 80 za tathmini na 100 za mtihani. Mwanafunzi anayeona 111 kati ya 180 hawezi kujilinganisha na kanuni za chuo.

Tuliamua kozi zote zitumie wastani wenye uzito, yaani kila kipimo kichangie kwa uzito tunaouandika wenyewe, ngazi zote mbili: kozi nzima na kundi la tathmini endelevu. Hatua zake:

Fungua kozi, bofya sehemu ya alama kwenye mstari wa juu, kisha orodha inayoshuka upande wa kushoto, chagua ukurasa wa kupanga daftari. (Waliozoea menyu ya pembeni walipotea kidogo hapa, toleo la 4.0 la Aprili 2022 liliihamisha.) Hariri kundi kuu lenye jina la kozi, weka njia ya wastani wenye uzito. Unda kundi "Tathmini Endelevu", njia ile ile, na alama ya juu ya jumla ya kundi iwe 40. Hamishia J1, J2 na Z1 ndani yake, uzito 15, 15 na 10. Unda kipengele cha mkono (ambacho alama zake huingizwa na mhadhiri mwenyewe) kwa ajili ya MM, alama ya juu 100, kikae nje ya kundi. Rudi kwenye ngazi ya juu, andika uzito 40 kwa kundi na 60 kwa MM. Hifadhi. Kisha, kwa kila kipengele na kila jumla, jaza sehemu ya namba ya utambulisho: J1, J2, Z1, TE (jumla ya Tathmini Endelevu), MM. Hilo la mwisho watu huliacha, na litahitajika wiki za mbele.

Kosa lililojirudia: kipimo kipya kinachoongezwa katikati ya muhula hukaa ngazi ya juu, nje ya kundi, na kupewa uzito wa 1. Jaribio la kujipima ambalo halikukusudiwa kuhesabiwa linaingia kwenye jumla kwa sehemu 1 kati ya 101. Ni kidogo, lakini kinatosha kumvusha au kumwangusha aliye mpakani. Dawa ni kuwa na kundi la "Kujipima" lenye uzito 0 tangu siku ya kwanza, na kuchagua kundi hilo kwenye mipangilio ya jaribio lenyewe wakati wa kuliunda.

Wiki ya 3: nafasi tupu si sifuri

Hapa ndipo tulipotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na tungeutumia tena.

Kila kundi lina kisanduku kinachosema nafasi tupu zisihesabiwe. Kiwandani kimewekwa tiki. Maana yake ni kwamba kipimo ambacho mwanafunzi hana alama hutolewa kwenye hesabu pamoja na uzito wake, na vilivyobaki hugawana nafasi yake.

Chukua mwanafunzi aliyepata 24 kati ya 30 kwenye J1, hakufika J2, akapata 14 kati ya 20 kwenye Z1. J1 inampa 12 kati ya 15. Z1 inampa 7 kati ya 10. Tiki ikiwapo, mfumo unasoma 19 kati ya 25, yaani asilimia 76, na kuandika 30.4 kati ya 40. Tiki ikiondolewa, J2 ni sifuri na jumla ni 19 kati ya 40. Akipata 52 kwenye mtihani, hiyo ni 31.2 kati ya 60. Kwa njia ya kwanza anamaliza na 61.6, ambayo ni B+. Kwa ya pili anamaliza na 50.2, ambayo ni B. Tofauti ya alama 11.4 imetoka kwenye tiki moja, na mhadhiri hakuwahi kuulizwa.

Mhadhiri akishaona mfano huu, jambo la kwanza analotaka ni kuiondoa tiki hiyo. Tunamzuia. Wiki ya tano, wakati J1 pekee limefanyika, mwanafunzi huyu angeona 12 kati ya 40, na aliyepata zote 30 angeona 15 kati ya 40. Ofisi itajaa wanafunzi. Na aliyelazwa hospitalini, mwenye barua, atahesabiwa sifuri sawa na aliyelala.

Utaratibu tuliokubaliana: tiki inabaki. Siku saba baada ya kila kipimo, mhadhiri anapitia nafasi tupu. Asiye na ruhusa anaandikiwa 0, wazi, kwa namba. Mwenye ruhusa anaachwa tupu hadi afanye jaribio la fidia. Kama kanuni inaruhusu asifanye kabisa, kuna kisanduku cha kumtoa mwanafunzi huyo mmoja kwenye hesabu ya kipimo hicho kimoja. Nafasi tupu ikibaki baada ya hapo, ina maana moja tu: bado.

Kwa darasa kubwa, mwonekano wa safuwima moja una nafasi ya kuingiza namba moja kwa nafasi zote tupu kwa mkupuo. Chagua nafasi tupu, siyo alama zote. Hilo la pili linafuta alama za darasa zima. Na kwanza waandike kando wenye ruhusa, kwa sababu mkupuo hauwajui.

Wiki ya 5: alama moja, mlango mmoja

Mhadhiri wa kozi mojawapo aligundua ufunguo wa swali kwenye jaribio ulikuwa na kosa. Akarekebisha, akaagiza mfumo usahihishe upya, ukurasa wa jaribio ukabadilika. Daftari halikubadilika kwa baadhi ya wanafunzi. Sababu ikapatikana haraka: kwa wanafunzi hao aliwahi kuandika alama moja kwa moja kwenye jedwali kubwa la daftari.

Kila alama ya jaribio au zoezi ina mlango wake, ambao ni jaribio au zoezi lenyewe. Ukiiandika kwenye jedwali la daftari, umefungua mlango wa pili, na Moodle huheshimu mkono wa mwalimu kuliko mashine. Kuanzia hapo, lolote linalotokea kwenye jaribio halifiki daftarini kwa mwanafunzi huyo. Kwenye zoezi dalili ni tofauti: kisanduku cha alama kinajifunga, na ujumbe unasema alama imebadilishwa daftarini. Wahadhiri hudhani mfumo umeharibika.

Kutambua: kwenye jedwali, kisanduku chenye alama ya mkono kina rangi tofauti na majirani zake. Kutibu: fungua alama hiyo moja, ondoa tiki ya kubatilisha, hifadhi, alama ya jaribio itarudi yenyewe. Zikiwa nyingi, mwonekano wa safuwima moja unaonyesha tiki zote kwa mpangilio, unaziondoa kwa pamoja.

Hii inagusa utaratibu wa wiki ya 3. Mkupuo wa sifuri ukifanywa daftarini kwa zoezi, zile sifuri ni alama za mkono. Mwanafunzi akileta zoezi kwa kuchelewa na mhadhiri akakubali, kisanduku kitakuwa kimefungwa. Kwa hiyo sifuri za mazoezi ziandikwe ndani ya zoezi. Mkupuo wa daftarini ubaki kwa vipengele vya mkono, yaani vipimo vilivyofanyika kwenye karatasi, ambavyo mlango wake ni daftari lenyewe na havina tatizo hili.

Jambo jingine linalofanana na hili: jaribio lenye swali la insha halipeleki alama daftarini mpaka insha ya mwanafunzi huyo isahihishwe. Nafasi tupu hapo si utoro. Angalia ukurasa wa matokeo ya jaribio kabla ya kuandika sifuri.

Wiki ya 7: mawili bora kati ya matatu

Kozi moja ina majaribio matatu na huhesabu mawili bora. Moodle ina sehemu ya kuacha alama ya chini kabisa ndani ya kundi, unaandika 1. Tulijaribu na wanafunzi wa mfano kabla ya kuitumia, na ni vizuri tulifanya hivyo.

Wa kwanza alifanya yote matatu kati ya 30: 24, 12 na 10. Ikaachwa 10, wastani wa 24 na 12 ni asilimia 60. Wa pili alifanya mawili tu, 24 na 12. Nafasi tupu ikatolewa kwanza kwa sababu ya ile tiki, kisha mfumo ukaacha ya chini kati ya zilizobaki, ikabaki 24 peke yake: asilimia 80. Aliyetoroka amemzidi aliyefanya yote.

Ukifuata utaratibu wa sifuri zilizoandikwa, tatizo linaondoka, kwa kuwa sifuri ndiyo itakayoachwa. Lakini mhadhiri huyu alitaka uhakika usiotegemea kumbukumbu, kwa hiyo tulitumia fomula kwenye jumla ya kundi:

=(sum([[J1]],[[J2]],[[J3]])-min([[J1]],[[J2]],[[J3]]))/60*40

Fomula huita vipengele kwa namba zao za utambulisho ndani ya mabano mraba mawili, ndiyo maana tulisisitiza zijazwe wiki ya 2. Ndani ya fomula, nafasi tupu husomwa kama alama ya chini kabisa ya kipengele, ambayo kwa kawaida ni 0. Hapo 60 ni majaribio mawili ya alama 30, na 40 ni uzito wa kundi. Alama ya kutenganisha vipengele hufuata lugha ya mfumo: kwa Kiingereza ni koma, kwa lugha kadhaa nyingine ni nukta-mkato. Ukipata ujumbe kwamba fomula si sahihi na huoni kosa, anzia hapo.

Wiki ya 8: nani anaona nini

Fupi, lakini malalamiko yake ni mengi.

Kabla alama ya mtihani haijaingia, MM ni nafasi tupu, inatolewa kwenye hesabu, na jumla ya kozi ni tathmini endelevu peke yake iliyogeuzwa kuwa mia. Mwanafunzi wa mfano wetu, mwenye 30.4 kati ya 40, anaona 76, ambayo kwa mipaka ya chuo ni A, wiki mbili kabla ya mtihani. Ficha jumla ya kozi hadi MM ikamilike; acha jumla ya kundi la tathmini ionekane, kwa kuwa hiyo mwanafunzi ana haki ya kuijua na kuihoji mapema.

Ukificha kipengele kimoja, kwa mpangilio wa kiwandani jumla zote zinazokibeba nazo hufichwa kwa mwanafunzi, na yeye huona kistari. Mhadhiri anaona kila kitu, kwa hiyo haamini anapoambiwa. Tulimfundisha kila mmoja kufungua ripoti ya mwanafunzi mmoja na kuchagua kuitazama kama mwanafunzi mwenyewe. Inachukua nusu dakika.

Kwa majaribio, kuficha na kuonyesha hakufanyiki daftarini. Kunafuata mipangilio ya jaribio ya nini kionekane baada ya kujibu. Ukiondoa tiki ya alama kwenye sehemu ya "baada ya jaribio kufungwa", safuwima itabaki imefichwa hata ukihangaika nayo daftarini.

Na tunaomba kwa dhati: orodha za alama zenye majina zisipelekwe kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022, na alama za mtu ni taarifa zake. Zaidi ya sheria, kuna kijana anayesoma alama yake ya kufeli mbele ya wenzake wote. Daftari linampa kila mmoja yake, peke yake.

Wiki ya 10: kusahihisha bila intaneti

Umeme ulikatika mara kadhaa wiki hii, na jedwali la daftari halihifadhi chochote mpaka ubofye kitufe cha kuhifadhi chini ya ukurasa. Kwa mazoezi yenye mafaili, tulihamia kwenye karatasi ya kusahihishia nje ya mtandao. Inawashwa kwenye mipangilio ya zoezi, upande wa aina za mrejesho. Mhadhiri anapakua mafaili ya wanafunzi yote kwa pamoja, anapakua na karatasi ya alama, anafanya kazi nyumbani, anarudi kupakia.

Sheria tatu za karatasi hiyo. Usiguse safuwima ya kwanza, yenye kitambulisho cha mshiriki. Ndiyo inayomjua mwanafunzi. Usiguse safuwima ya tarehe ya mabadiliko ya mwisho. Mfumo huilinganisha na uliyonayo, na mstari ambao alama yake imebadilishwa mtandaoni baada ya wewe kupakua utarukwa. Kuna tiki ya kulazimisha, lakini fikiria kwanza nani aliyebadilisha. Ya tatu: hifadhi kama CSV (faili la maandishi matupu, safuwima zikitenganishwa kwa alama kama koma), usihifadhi kama faili la kawaida la Excel.

Wanaotumia hatua za usahihishaji wakumbuke kwamba alama haifiki daftarini mpaka hatua iwe "imetolewa". Na zoezi lililofichwa majina halipeleki alama mpaka majina yafunuliwe.

Wiki ya 13: alama za mtihani kwa faili la CSV

Mtihani wa mwisho ni wa karatasi. Alama zinaandikwa Excel na kuingizwa kwa mkupuo kwenye kipengele MM. Faili letu lina safuwima mbili tu: namba ya usajili na alama. Jina halihitajiki, na jina lenye koma ndani yake huweza kuvuruga mstari mzima.

Yaliyoharibika, kwa mpangilio wa wingi:

Sifuri za mbele. Namba ya usajili 00417 ikifunguliwa Excel inakuwa 417, na mfumo hauoni mwanafunzi wa namba hiyo. Namba ya tarakimu 12 au zaidi, isiyo na alama katikati, inageuka kuwa kitu kama 2.02304E+11 na ikihifadhiwa CSV hivyo tarakimu zimepotea kabisa. Weka safuwima kuwa ya maandishi kabla ya kubandika namba. Baada ya kubandika huwa umeshachelewa.

Neno mahali pa namba. Wahadhiri huandika ABS kwa asiyefika. Mfumo unataka namba, na unapokuta neno unakataa faili lote, pamoja na mistari iliyo sawa. Kwa mwalimu mwenye wanafunzi wengi hii inakatisha tamaa, lakini ni afadhali kuliko kuingiza nusu. Ondoa mistari ya wasiofika, iingize baadaye kwa mkono baada ya kujua nani ameahirishiwa mtihani.

Kitenganishi. Kompyuta iliyowekwa Kiingereza hutenganisha kwa koma. Iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za wenzetu wa Bujumbura na Lubumbashi, hutenganisha kwa nukta-mkato na huandika 12,5 badala ya 12.5. Chagua kitenganishi sahihi kwenye ukurasa wa kuingiza, na geuza koma za desimali kuwa nukta.

Alama inayozidi alama ya juu. Mtu ameandika 670 badala ya 67. Mfumo unakataa, na tunashukuru.

Baada ya kupakia, ukurasa unaofuata unauliza safuwima ipi ni ipi. Upande wa mwanafunzi, oanisha safuwima ya namba ya usajili na namba ya utambulisho ya mwanafunzi (siyo ile ya vipengele ya wiki ya 2). Upande wa alama, ielekeze kwenye MM. Kwenye upande huo wa alama, safuwima ya namba ya usajili iache ipuuzwe. Ukielekeza alama kwenye jaribio badala ya kipengele cha mkono, zote zitaingia kama alama za mkono, na umerudi kwenye tatizo la wiki ya 5.

Kabla ya kuondoka, linganisha karatasi tano za mtihani na skrini: wa kwanza, wa mwisho, na watatu wa katikati. Faili lililosogea mstari mmoja lina idadi sahihi, wastani sahihi, na alama za watu wengine.

Wiki ya 15: herufi na desimali

Jedwali la herufi la kiwandani ni la Kimarekani: A huanzia 93, C- huanzia 70, D 60, chini yake F. Mwanafunzi mwenye 72, ambaye hapa ni A, anaandikiwa C-. Katika vyuo vikuu vingi vya Tanzania mipaka ni 70 A, 60 B+, 50 B, 40 C, 35 D, na chini yake E. Vyuo vingi vya Kenya havina B+, hushuka 70, 60, 50, 40. Makerere A huanzia 80. Tulimwomba msimamizi abadilishe jedwali la mfumo mzima ili lisitegemee mhadhiri mmoja mmoja.

Desimali ndiyo mtego. Ukiweka jumla ionyeshwe bila desimali, 69.5 itaonekana 70, lakini herufi hutolewa kwenye namba halisi, kwa hiyo mwanafunzi anaona 70 na B+ kwenye mstari mmoja. Kama kanuni inasema ikaribishwe, karibisha kwenye namba yenyewe, kwa fomula kwenye jumla ya kozi:

=round([[TE]]+[[MM]]*0.6)

Fomula hii inatibu pia kasoro ya wiki ya 8: MM ikiwa tupu inasomwa 0, hakuna A ya mapema. Ubaya wake ni kwamba aliyeahirishiwa mtihani ataonyeshwa 30 na herufi E. Kwa hao, jumla ifichwe kwa mwanafunzi husika na idara iwaandike kwenye orodha yake ya wasiokamilisha. Tumeona fomula ni bora kwa kozi zenye kanuni ya kukaribisha. Kwa nyingine, wastani wenye uzito unatosha.

Wiki ya 16: kufunga na kukabidhi

Utaratibu ni huu, na mpangilio wake una maana. Pitia nafasi tupu zote. Tafuta visanduku vyenye rangi ya alama ya mkono na uulize sababu ya kila kimoja. Funga vipengele vyote na jumla. Ndipo toa faili la Excel kwa idara, lenye namba halisi na herufi. Ukitoa kabla ya kufunga, jaribio lililosahihishwa upya jioni hiyo litabadilisha daftari huku karatasi iliyosainiwa ikibaki na namba ya zamani.

Rufaa ikija baada ya hapo, ripoti ya historia ya alama inaonyesha nani alibadilisha nini, lini, kutoka ngapi kwenda ngapi. Mabadiliko yafanyike kwa kufungua kipengele kimoja, kubadilisha, kufunga tena, na kutoa faili jipya lenye tarehe kwenye jina.

Yaliyobaki

Kozi zinazofundishwa na wahadhiri wawili au zaidi bado hazina makubaliano ya nani anayeandika sifuri. Kozi za mafunzo kwa vitendo hutumia vipimo vya maneno badala ya namba, na hatujaamua zigeuzwe vipi kuwa alama kati ya 40. Nakala tupu ya daftari, yenye makundi, uzito na namba za utambulisho lakini bila mwanafunzi hata mmoja, imeandaliwa kama kozi ya kiolezo. Muhula ujao kila kozi mpya itaanzia hapo, na orodha ya maswali matano itatumwa wiki mbili kabla ya masomo kuanza.